Steringi kafa episodi ya nne, sasa tunaangalia nini?

Haya jamani, niliyataka mwenyewe. Mwezi juzi niliandika hapa Kona ya Sizoni kwamba Deadwood ndo sizoni ya kikauboi kali kuliko zote nilizowahi kuangalia, na nikasema asiyekubali aniandikie, basi mmeniandikia kweli. Wanaonishukuru wachache, wanaonisema ndo wengi, na kuna mmoja katuma tusi moja tu bila salamu wala jina, nikajua huyu kaiangalia mpaka mwisho.

Kwa aliyekosa toleo lile: Deadwood ilionyeshwa na HBO ya Marekani kuanzia 2004 hadi 2006, misimu 3, kila msimu episodi 12, afu wakaja kuimalizia kwa muvi moja mwaka 2019. Mtunzi wake anaitwa David Milch. Ni kambi ya wachimba dhahabu kwenye milima ya Black Hills, mwaka 1876, sehemu ambayo leo ni jimbo la South Dakota. Tope, nguruwe, pombe, kamari, danguro, na maiti kila baada ya siku mbili. Barua nimezipunguza maana wengine mnaandika kama mnaandika wosia, na humu ndani naharibu utamu, kwahiyo kama hujaiangalia ruka ukurasa, usije ukanilaumu.

Kaka habari za kazi. Nimekulia kwenye mabanda ya video hapa Moro, na kitu cha kwanza tulichofundishwa na wakubwa ni kwamba steringi hafi. Sasa nimenunua bando nikaanza hiyo Deadwood yako, nikamuona Wild Bill, nywele ndefu, bastola mbili, kila mtu akimuona anashusha sauti, nikasema huyu ndo mwenyewe. Episodi ya nne anacheza karata, anatoka mlevi mmoja pua imepinda anampiga risasi ya kisogoni. Nikangoja aamke. Hajaamka. Nirudishie bando langu. (Msomaji, Morogoro)

Mdogo wangu pole, na mi nilipoiona mara ya kwanza nilirudisha nyuma nikidhani nimeruka kipande.

Ila huyo mtu hakufa kwenye muvi tu. Wild Bill Hickok alikuwepo kweli, na aliuawa hapohapo Deadwood tarehe 2 Agosti 1876, kwa nyuma, akicheza karata. Inasimuliwa kwamba kawaida yake alikaa mgongo ukutani, siku hiyo kiti cha ukutani kilishakaliwa, akakaa akiupa mlango mgongo. Mtazamaji wa Marekani anaijua hiyo habari toka utotoni, kwahiyo yeye wakati anaangalia hajiulizi kama atakufa, anajiulizia ni lini. Sisi ndo tuliopigwa ghafla.

Sasa angalia kilichofuata maana utamu wote uko hapo. Muuaji, Jack McCall, alikamatwa, wachimbaji wenyewe wakajifanya mahakama, wakamsikiliza, wakamwachia. Akaondoka zake. Baadaye akakamatwa tena, akapelekwa Yankton uliokuwa mji mkuu wa eneo lote la Dakota, na akashtakiwa upya kwa kosa lilelile, afu wakamnyonga tarehe 1 Machi 1877. Utauliza mtu anashtakiwaje mara mbili. Jibu walilotoa ni kwamba ile mahakama ya kwanza haikuwa mahakama, kwa sababu Deadwood yenyewe haikuwa mji, ilikuwa kambi ya watu waliovamia ardhi isiyo yao, hakuna sheria ya serikali yoyote iliyofika pale. Yaani umeuawa mahali ambapo kisheria hapapo.

Ndo maana Milch alimuua steringi mapema. Alikuwa anakusafishia meza. Ukishamzika Bill unabaki na wauza pombe, wauza majembe, daktari mmoja anayetetemeka, mwenye gazeti mwoga, na Al Swearengen, mwenye baa na danguro, ambaye kwenye banda la video tungemwita adui na kumzomea toka dakika ya kwanza. Ile siku ya kwanza tu anataka katoto kadogo kauliwe kasije kakatoa ushahidi. Na huyohuyo, ukifika msimu wa tatu, unakuta umekaa kwenye kochi unaomba asife. Hicho kitu hakijawahi kunitokea kwa adui yeyote. Ian McShane ndo aliyemcheza, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya Golden Globe kwa kazi hiyo, halali yake kabisa.

Bando sirudishi.

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Nilisoma makala yako nikaiweka sebuleni siku ya Jumapili, mama mkwe wangu yupo. Mwanangu, yale matusi! Mama mkwe hajui Kiingereza lakini lile neno moja alilielewa, akaniuliza "huyu anamtukana nani kila saa?" Ni lazima kweli? Watu wa zamani si walikuwa na adabu?

Marahaba mama, na samahani sana. Kosa ni langu, ningeandika kwa herufi kubwa kabisa kwamba hii haiwekwi sebuleni, hii unaangalia usiku watoto wamelala, mama mkwe amesharudi kwake, na earphone masikioni.

Ila kuhusu adabu ya wa zamani mama yangu hapo tusidanganyane. Wale walitukana sana, tena kambi ya machimbo. Tofauti ni aina ya tusi. Matusi makali ya wakati ule yalikuwa ya kumchezea Mungu, kulaani, kulitaja jina lake ovyo, na mtu aliyeenda kanisani alisikia kama amechomwa na moto. Leo ukimwekea mtazamaji yale yale anacheka, anaona kikatuni. Milch akaamua aweke matusi ya siku hizi, ya nguoni, ili wewe ushtuke kama mtu wa 1876 alivyoshtuka. Kwa hesabu hiyo mama mkwe wako ndo mtazamaji aliyeielewa kuliko sisi wote.

Halafu kuna kitu kinanikera watu wakiongelea matusi tu. Toa matusi yote, sikiliza kinachobaki. Ile lugha imepindwa, sentensi ndefu, kitenzi kinakuja mwishoni umeshasahau mtenda, imejaa Biblia na maneno ya kimahakama, na ina mizani yake. Ni kama umkute mzee wa Lamu aliyelewa anamlaani jirani yake kwa utenzi. Mi Kiingereza changu si haba lakini kuna sehemu nimerudia mara nne. Milch mgongo ulikuwa unamsumbua, basi alikuwa analala sakafuni anataja maneno na mtu anachapa, anafuta, anataja tena, na waigizaji wakati mwingine wanapewa karatasi siku hiyohiyo ya kurekodi. Afu anatoka mtu anaongea peke yake dakika tatu hakosei. Nani kwenye bongomuvi zetu ataweza hiyo, tuwe wakweli.

Bosi, niko Geita, nimezunguka machimbo miaka kumi na moja. Ile sio muvi, ile ni rashi (watu kukimbilia dhahabu) yoyote unayoijua. Dhahabu ikitoka leo, kesho kuna baa, keshokutwa kuna gesti, wiki ijayo kuna mama ntilie ishirini, na polisi anakuja wa mwisho. Swali langu, kwanini wachimbaji wenyewe hawaonekani wakichimba? Wanakunywa tu.

Mkuu, barua yako ndo imenifurahisha kuliko zote mwezi huu na nimeisoma kwa sauti ofisini.

Hawaonekani kwa sababu sizoni haimfuati anayechimba, inamfuata anayemla anayechimba. Na we unajua kuliko mimi, kwenye rashi mwenye duara (shimo la dhahabu) anaweza akalala njaa ila mwenye baa halali njaa. Angalia Seth Bullock na mwenzake Sol Star, wanaingia kambini na mkokoteni wa bidhaa, hawana habari na kuchimba, wanataka kufungua duka la vifaa. Na hao wawili walikuwepo kweli kwenye historia, wakafanya hivyohivyo, na kuna hoteli ya Bullock iko Deadwood mpaka leo. Sasa kiwanja wanakodi kwa nani? Kwa Al. Kiwanja cha Al kakipataje? Alifika mapema, basi. Hakuna hati, hakuna ofisi ya ardhi, kuna mtu aliyefika mapema na ana kisu.

Na ule mchezo wa kumuuzia mgeni eneo! Anakuja bwana mmoja tajiri wa New York na suti yake, wanamzungusha, wanamuwekea mtu wa kujifanya naye anataka kununua, bei inapanda, anauziwa eneo wanaloamini halina kitu. Anagundua kapigwa, anadai hela yake, anasukumwa bondeni anakufa. Afu ndo wanagundua mwamba una dhahabu kweli, na mali sasa ni ya mjane wake, Alma, anayeshinda amelewa dawa za maumivu chumbani. Najua Geita hapo mtasema hiyo tumeiona bila dawa.

Ila kipande ambacho ningependa ukirudie ni cha ndui. Ugonjwa unaingia kambini, hakuna serikali, hakuna bwana afya, na wagonjwa wanaongezeka. Al, muuaji, anaita wakubwa wa kambi baani kwake, na mtu anaweka mezani mapichi ya kopo. Kikao cha kwanza cha mji ule kilianza na mapichi. Wanachanga hela, wanatuma watu wakatafute chanjo, wanaweka hema la wagonjwa. Hakuna mwema pale ndani ukimtoa daktari na mchungaji. Kila mtu anajua ndui ikienea biashara imekufa. Baada ya muda wanasikia serikali ya Yankton inataka kuwachukua, na wabunge kule wanataka rushwa, basi wanakaa tena kikao, wanajipa vyeo usiku mmoja: mwenye hoteli, mtu mnafiki kuliko wote, anakuwa meya, na Bullock anapewa afya. Wanaunda halmashauri ili wawe na mtu wa kutoza kodi, ili kodi ipate kulipa hongo. Nimekaa kwenye vikao vya mtaa mi nikaikumbuka ile meza, sisemi zaidi.

Halafu anakuja kampuni. Unajua rashi inaishaje: mwekezaji anaingia. Pale mwekezaji ni George Hearst, naye mtu wa kweli, baba wa yule mwenye magazeti William Randolph Hearst. Mwaka 1877 kundi lake lilinunua machimbo ya Homestake karibu na Deadwood, na mgodi ule ulichimbwa mpaka 2002, zaidi ya miaka 120. Msimu wa tatu wote ni yeye anakula maeneo moja moja na wachimbaji wanaojaribu kuunda chama wanaokotwa wamekufa. Baadhi ya watu anaowaumiza kwenye sizoni, kina Alma na mchimbaji Ellsworth, ni wa kutungwa, kwahiyo usichukue kila kitu kama historia. Lakini ile hali ya mtu mwenye baa, aliyetisha kambi nzima, kugundua kwamba yeye ni kisamaki tu, McShane anaionyesha kwa macho bila kusema. Hearst anamkata Al kidole, Al anarudi zake ofisini anakaa, anafikiria. Kwa mara ya kwanza hana la kufanya.

Ticha, mimi niko chuo, nasoma historia. Wahindi Wekundu wako wapi kwenye sizoni nzima?

Wako kwenye boksi. Sitanii. Msimu wa kwanza analetwa kambini kichwa cha mtu wao, kwa sababu kuna zawadi ya hela ukileta kichwa, na Al anakiweka kwenye boksi, misimu inayofuata anakaa anaongea nacho usiku akiwa na mawazo, anakiita Chifu. Ukimtoa huyo na mmoja anayepigana na Bullock porini, basi, hamna.

Afu wao jina lao ni Lakota, tuzoee kuwaita hivyo. Na hili ndo doa kubwa la Deadwood kwangu, ingawa wapo wanaosema ni makusudi, kwamba mwizi akikaa kwenye nyumba ya wizi hamtaji mwenye nyumba. Inawezekana. Mi naona hata kama ni makusudi, episodi 36 ni nyingi kumnyima mtu mdomo.

Maana mkasa wenyewe ni huu. Mwaka 1868 serikali ya Marekani ilisaini mkataba wa Fort Laramie kwamba Black Hills ni ya Walakota. 1874 Custer akaongoza msafara wa jeshi mlemle milimani, wakatangaza kuna dhahabu, watu wakamiminika. Juni 1876 Custer akauawa pamoja na askari wake wengi kwenye vita ya Little Bighorn, na ukianza sizoni utasikia kambi nzima inamuongelea. 1877 ardhi ikachukuliwa moja kwa moja. Zaidi ya karne ikapita, 1980 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema ndiyo, ile ardhi ilichukuliwa isivyo halali, walipwe fidia, zaidi ya dola milioni 100. Walakota wakakataa hela. Wanasema milima haikuwa inauzwa, na hela iko serikalini inazaa riba mpaka leo hawajaigusa. Andika essay kuhusu hilo, na ukipata A uninunulie soda.

Hivi yule Mchina Wu mbona ana maneno mawili tu ya Kiingereza na yote tusi?

Na San Francisco. Ana tusi na San Francisco, na penseli ya kuchora, na kwa hivyo vitatu yeye na Al wanaelewana kuliko wanandoa wengi ninaowajua. Nguruwe ni wake pia. Wanakula nini hao nguruwe, usiulize ukiwa unakula.

Mimi nimeishia episodi ya tatu. Wanawake wanapigwa, wanauzwa, wanadharauliwa, na nyie wanaume mnaita "kali". Pale baani kwa Al mabinti wameletwa kwa kudanganywa, sisi huku Mombasa tunawajua mabinti wanaoambiwa kazi nzuri Uarabuni wakifika paspoti inachukuliwa. Sioni burudani. (Dada yenu)

Dada, sitabishana na wewe, na kama umeacha umeacha, sio lazima. Na uliyosema yana ukweli kuliko ulivyodhani: Al Swearengen wa kweli, mwenye Gem Theater iliyofunguliwa 1877, alikuwa akiwaita wasichana kwa ahadi ya kazi ya jukwaani, wakifika wanajikuta hawana nauli ya kurudi. Huyo wa kweli hakuwa na ile haiba ya McShane. Ndo hatari ya mwigizaji mzuri, anampaka mtu mafuta hata pasipostahili.

Nitasema moja tu. Trixie, yule unayemuona anapigwa na Al mwanzoni kabisa, ndo mtu anayebadilika kuliko wote kwenye ile sizoni. Anajifunza hesabu kwa Sol Star, anapata kazi benki. Na Calamity Jane, mlevi, mchafu, mwoga wa Al, ndo anayewauguza wagonjwa wa ndui wakati madume wamejificha. Ukiamua kurudi rudi kwa ajili ya hao. Usiporudi naelewa, na hilo neno "kali" nimelisikia vibaya kidogo nilivyolisoma kwenye barua yako.

Kaka sizoni imeisha vile kweli? Hearst anaondoka zake hajafanywa kitu? Nimekasirika siku mbili.

Imeisha vile. 2006 HBO hawakuendelea nayo, wakaahidi muvi mbili za saa mbili mbili kuimalizia, hazikuja, watu wakasubiri mpaka wakakata tamaa.

Lakini mi nitakuambia kitu utanipinga, ule mwisho naupenda kuliko wa muvi. Trixie kampiga Hearst risasi hajamuua, Hearst anataka maiti ya aliyempiga, na Al ili amwokoe Trixie anamuua binti mwingine wa mlemle baani anayefanana naye kidogo, kwa sababu Hearst hamjui vizuri sura. Binti ambaye hakuwa na kosa lolote. Hearst anaridhika, anapanda gari lake anaondoka. Picha ya mwisho ni Al kapiga magoti anasugua damu sakafuni mwenyewe kwa brashi, hajamtuma mtu. Hakuna mshindi pale, na kama wangemuua Hearst ungelala vizuri ukaisahau baada ya wiki.

Muvi ya 2019 imewekwa mwaka 1889, South Dakota inakuwa jimbo, Hearst anarudi akiwa seneta, kila mtu kazeeka. Nzuri, ina machozi, ila inawabembeleza watu kidogo, inawapa walichotaka. Siilaumu, mwaka huohuo Milch alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, kwahiyo ile ni kama mtu anayeaga akiwa bado anawakumbuka majina.

Kaka, ni mimi wa Moro wa bando. Niliapa sirudi ila jamaa yangu aliniwekea msimu wa pili kwenye flashi. Al anaumwa, mkojo umeziba, analia kama mtoto, dokta anataka kumpasua. Nimesimamisha hapo nimeenda nje kupunga upepo. Niambie tu, anapona?

Anapona mdogo wangu, mawe yanatoka bila kisu. Rudi ndani.